Mikono ya Yakobo

  Leo tunayo salamu ya pekee kwa wazee wetu, na hasa kwako wewe ambaye asubuhi hii, kabla ya kusimama, uliketi kwanza kitandani ukashika goti lako, ukangoja mpaka maumivu yapungue. Mazungumzo haya ni yako. Nanyi vijana msiizime redio, kwa maana mtaona kwamba sehemu kubwa inawahusu ninyi.

Somo letu limo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 48. Aliye na Biblia na aifungue, aiweke hapo karibu. Lakini kabla ya kulifikia somo, tunalo jambo la kuungama.

Katika kanisa moja dogo tulilolitumikia kwenye milima ya Taita, palikuwa na mama mmoja mzee. Mnaoijua milima ile mnajua kwamba huko hakuna njia isiyopanda au kushuka, na kwamba mwezi wa Julai ukungu hushuka na baridi huingia mpaka kwenye mifupa. Mama huyu alikuwa na ugonjwa wa magoti kwa miaka mingi. Daktari alimweleza kwamba gegedu, ile ngozi laini inayofunika ncha za mifupa ili isisagane, ilikuwa imelika. Akampa dawa, akamwambia kwamba ugonjwa huu hauondoki, lakini mtu anaweza kuishi nao.

Naye aliishi nao. Kwa zaidi ya miaka 20 kazi yake kanisani ilikuwa kufua na kupiga pasi vitambaa vya Meza ya Bwana. Kila Alhamisi aliwasha pasi yake ya makaa, na Jumapili vitambaa vilikuwa mezani, vimenyooka, bila doa.

Basi sisi viongozi tukamwona akichechemea, tukamhurumia. Tukamwambia, "Mama, umefanya kazi ya kutosha. Sasa pumzika." Vitambaa tukawapa wasichana. Yeye akashukuru, wala hakusema neno lingine. Tena tukaenda nyumbani kwake kumwombea. Mara ya kwanza tuliomba kwa matumaini makubwa. Mara ya pili tuliomba kwa sauti kubwa zaidi. Baada ya mara ya tatu, mmoja wetu aliuliza njiani kama labda mama huyu ana imani haba, na sisi wengine hatukumkemea. Tangu siku hiyo tukaona haya kwenda kwake, kwa sababu hatukujua tutasema nini. Naye akaona haya kuja kwetu. Kwa miezi saba nafasi yake kwenye benchi ilikuwa wazi, na tukawa tunaambiana, "Ni magoti."

Siku moja tulikwenda, tukiwa na kiongozi wa akina mama. Alitupikia chai. Alipoinuka kwa shida kutoka kwenye kigoda, mmoja wetu aliruka akalishika birika. Yule mama akasema, "Wanangu, niacheni nimimine chai. Hiyo ndiyo kazi niliyobaki nayo."

Tulipokwisha kunywa, akaendelea: "Magoti haya yalianza kuniuma kabla ninyi hamjawa viongozi. Nilikuja nayo kanisani miaka yote. Siyo magoti yaliyoniketisha nyumbani. Mlipochukua vile vitambaa nilijiambia, basi, kumbe sifai tena. Na mtu asiyefaa akikitazama kile kilima, hakipandi."

Ndugu wapendwa, tulirudi nyumbani kimya.

Sasa tulitazame somo letu. Yakobo ni mzee sana. Alipofika Misri alikuwa na miaka 130, naye alimwambia Farao waziwazi kwamba maisha yake hayakuwa ya raha. Sasa amekaa Misri miaka 17. Macho yake yamefifia. Ni Yakobo yule yule aliyeshindana usiku kucha kando ya kijito cha Yaboki, akaguswa paja, na kulipokucha akatoka pale akichechemea. Kumbukeni kwamba baraka na kilema vilimjia usiku mmoja. Tena Maandiko hayasemi mahali popote kwamba paja lile lilipona.

Yusufu anapata habari kwamba baba yake ni mgonjwa, anakuja na wanawe wawili, Manase na Efraimu. Mzee anapoambiwa kwamba mwanawe amefika, anakusanya nguvu zake na kuketi kitandani. Tusilipite neno hilo haraka. Hakungoja apone ndipo aketi. Alikusanya nguvu alizokuwa nazo, zikatosha kuketi, na kuketi kukatosha kwa kazi ya siku ile.

Ndipo akanyosha mikono kuwabariki wajukuu. Lakini aliipishanisha, mkono wa kuume ukawa juu ya mdogo. Yusufu alipoona hivyo alidhani kwamba macho ya mzee yamemdanganya. Akaushika mkono wa baba yake ili auondoe. Mzee akakataa. Akamjibu mwanawe kwamba anajua anachofanya. Naye alijua kweli.

Yusufu hakuwa mtoto mbaya. Alimpenda baba yake, alimlisha wakati wa njaa, alimpa mahali pazuri pa kukaa. Na bado aliushika mkono wake. Ndivyo tulivyofanya sisi. Tuliushika mkono wa yule mama tukauondoa kwenye Meza ya Bwana, tukidhani kwamba tunamsaidia. Hatukumwuliza kitu. Ni wazee wangapi leo ambao watoto wao wema wamewanyang'anya jembe, na ufunguo wa ghala, na hata kijiko cha kupikia, kwa sababu ya upendo?

Tena fungueni Waebrania sura ya 11, mstari wa 21. Mwandishi alikuwa na habari nyingi za Yakobo za kuchagua. Angeweza kumtaja yule kijana aliyeviringisha peke yake jiwe kutoka kisimani. Hakumtaja huyo. Alimchagua mzee anayekaribia kufa, ameegemea fimbo yake, akiwabariki wajukuu na kumwabudu Mungu. Hiyo ndiyo siku ya Yakobo iliyohesabiwa kuwa siku ya imani.

Wapendwa, jambo hili wataalamu wa afya nao wameliona kwa njia yao. Maumivu yanayozidi miezi 3 huitwa maumivu ya kudumu, nayo hayafanani na maumivu ya kidonda kipya. Maumivu ya kidonda ni kama mbwa anayebweka mwizi akija. Maumivu ya kudumu ni kama mbwa aliyezoea kubweka hata jani likianguka. Hatusemi kwamba mgonjwa anajidanganya, la hasha! Mbwa anabweka kweli, na nyumba nzima hailali. Lakini si kila anapobweka pana mwizi. Goti linaweza kuuma unapotembea bila wewe kuliharibu kwa kutembea. Kinyume chake, mtu akikaa kitako kwa hofu, misuli ya paja inayolisaidia goti hupungua nguvu. Goti likabeba mzigo peke yake, maumivu yakaongezeka, na hofu nayo ikaongezeka.

Mwaka 1977 Albert Bandura, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alieleza kwamba kinachomfanya mtu ajaribu jambo gumu na kudumu katika hilo si nguvu zake tu. Ni ile hakika aliyo nayo moyoni kwamba tendo hilo analiweza. Katika chuo hicho hicho mwuguzi mmoja, Kate Lorig, alianzisha masomo kwa watu wenye ugonjwa wa viungo. Masomo yalikuwa ya majuma 6, kama saa 2 kila juma, na wengi wa walioyaongoza hawakuwa madaktari bali watu wenye ugonjwa ule ule. Walifundishana jinsi ya kunyosha viungo, jinsi ya kupumzika, na jinsi ya kusema na daktari.

Mwaka 1989 yeye na wenzake walitoa habari ya kushangaza. Nafuu waliyoipata watu haikuweza kuelezwa vya kutosha kwa kuangalia mazoezi waliyofanya. Iliyofuatana na nafuu ni ile hakika ya mtu kwamba anaweza kufanya jambo fulani juu ya ugonjwa wake. Na mwaka 1993 walieleza hali ya watu hao miaka 4 baada ya masomo. Maumivu yao yalikuwa yamepungua kwa wastani wa 20 kwa mia, na safari za kwenda kwa daktari 40 kwa mia. Lakini sikilizeni na hili: ulemavu wa miili yao ulikuwa umeongezeka 9 kwa mia. Miili ilizidi kuchakaa, na bado maumivu yalipungua! Mtume Paulo, katika 2 Wakorintho 4:16, alikwisha kututofautishia utu wetu wa nje, ambao huzeeka, na ule wa ndani, ambao Mungu huupa upya siku kwa siku.

Hapa msikilizaji mmoja atauliza: Je, Mkristo anaruhusiwa kujiamini? Mithali 28:26 haimwiti mpumbavu mtu anayeutumainia moyo wake mwenyewe? Ni swali jema. Kuna kujiamini kunakosema, "Simhitaji Mungu wala mtu." Huko ni kiburi, nasi hatukuhubiri. Lakini kuna kujiamini kwingine kunakosema, "Leo Mungu amenipa nguvu za hatua 100. Hizo 100 nitazitembea." Huko ni uwakili mwema. Katika Mathayo sura ya 25, mtumwa aliyepewa talanta moja hakuipoteza kwa anasa. Aliifukia kwa sababu ya hofu. Huenda wewe mzee umebakiwa na talanta moja tu ya nguvu. Bwana hatakuuliza habari za zile tano ulizokuwa nazo ujanani. Atakuuliza habari za hiyo moja.

Na wewe uliyeombewa usipone, usijihukumu. Paulo alimwomba Bwana mara tatu aondolewe mwiba wake. Jibu alilopewa lilikuwa neema ya kumtosha akiwa na mwiba mwilini. Hatusomi kwamba kanisa la Korintho lilimwambia imani yake ni haba. Endelea kuomba. Lakini usiahirishe maisha yako mpaka siku ya kupona.

Sasa tutamke mambo manne ambayo mzee anaweza kuyashika, na nyumba yake ikamsaidia.

La kwanza, anza na dogo. Kama unaweza kusimama dakika 10 kabla maumivu hayajapanda, basi pumzika dakika ya 7. Usingoje maumivu yakuamuru. Wala siku unapojisikia vizuri usifanye kazi ya juma zima, ukalala siku tatu zinazofuata. Kila jambo dogo unalolimaliza linakuwa shahidi wako kesho. Daudi, alipotaka kumkabili Goliathi, alimweleza Sauli kwanza habari za simba na dubu. Wewe nawe kumbuka simba wako: jana ulifika mpaka langoni, juzi ulichota maji nusu ndoo.

La pili, mtafute mwenzako. Mzee mwenye maumivu hatiwi moyo na kijana anayekimbia. Hutiwa moyo na mzee mwenzake mwenye goti kama lake aliyeweza kufika. Kanisa lifanye nafasi baada ya ibada wazee wakae pamoja, waambiane ni nini kilichowasaidia. Hilo halihitaji fedha.

La tatu, tuchunge maneno yetu. Mzee akiinuka, tusimwambie kila mara, "Keti, utaanguka." Tumwambie, "Tuko hapa karibu, inuka polepole." Neno la mtu unayemwamini ni kama fimbo ya kuegemea, na neno lisilofaa huivunja fimbo hiyo.

La nne, uelewe mwili wako. Maumivu yale yale ya siku zote yasikutishe kila yanapokuja. Lakini ziko dalili zisizongoja. Kiungo kikivimba ghafla kikawa na moto pamoja na homa, au ukikonda bila sababu huku maumivu yakikuamsha usiku, au miguu ikifa ganzi na mkojo ukashindwa kuuzuia, au ukianguka ukashindwa kukanyaga, nenda hospitali mara moja. Tena tunawasihi, msinunue dawa za maumivu dukani na kuzimeza miezi na miezi bila kumwuliza daktari. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni zina faida yake, lakini kwa wazee hasa zinaweza kutoboa tumbo, kudhuru mafigo, na kupandisha damu. Kumwuliza daktari si kukosa imani. Luka, rafiki wa Paulo, alikuwa tabibu.

Na sasa ninyi vijana na viongozi wa makanisa. Angalieni nyumba ya ibada. Je, kipo kiti chenye egemeo karibu na mlango? Mnaposema, "Na tupige magoti," je, mnaongeza neno kwa wasioweza, ili wasione haya? Yakobo aliabudu akiegemea fimbo, na Mungu akamsikia. Na kabla hamjamwondolea mzee kazi yake, mwulizeni. Pengine atasema, "Nimechoka, nipokeeni." Basi mpokeeni kwa shukrani. Lakini pengine atasema kama Yakobo kwamba anajua anachofanya. Basi uacheni mkono wake mahali alipouweka.

Mtapenda kujua ilikuwaje kwa yule mama. Juma lile lile tulimwomba msamaha, tukamwuliza kama angependa vitambaa virudi. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama bado tunavyo vyote. Sasa msichana mmoja humpelekea kila Jumatano, naye hupiga pasi Alhamisi akiwa ameketi, kitambaa kimoja, kisha anapumzika, kisha kingine. Kazi iliyokuwa ya saa moja ni ya asubuhi nzima. Msichana naye amejifunza kukunja pembe ambazo sisi hatukujua hata kwamba hukunjwa kwa namna yake.

Kuhusu kilima, alikigawanya mara tatu. Hupumzika penye duka, hupumzika chini ya mwembe, hupumzika kwenye ngazi za kanisa, na huondoka nyumbani mapema kuliko watu wote. Magoti bado yanamwuma. Ziko Jumapili asizofika, hasa wakati wa baridi. Lakini siku hizo sisi humwendea, wala hatuoni haya tena kwenda bila muujiza mkononi. Hutupikia chai, na hutumiminia mwenyewe.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, Mungu wa Yakobo, wewe waijua kila nyonga inayouma na kila goti linalotetemeka usiku huu. Tunakuomba uponye, kwa maana waweza. Na usipoponya leo, utupe neema ya leo, na kazi ya leo, na nguvu za kuitosha kazi hiyo. Wasamehe watoto na viongozi walioishika mikono ya wazee wakidhani wanawasaidia. Umwinue kila mzee aliyejiambia kwamba hafai tena, ajue kwamba mikono yake ingali na baraka ya kutoa. Tunaomba haya katika jina la Yesu Kristo, aliyebeba majeraha yake hata baada ya kufufuka. Amina.